Uzoefu wangu na Dune: kitabu ninachokirudia kwa ajili ya maji

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Dune ya Frank Herbert ni riwaya nzito, ina kurasa zinazochosha, na bado nikiiona kwenye rafu ya mtu naanza kumpenda mwenye rafu hata kabla hatujasalimiana. Wa namna yangu tuko wengi. Kitabu kilitoka mwaka 1965, mwandishi akafariki mwaka 1986, na mpaka leo kuna watu ambao nakala ikichanika wananunua nyingine, na watoto wao wakikua wanawawekea mkononi. Wataalamu wa anga nao hawakubaki nyuma: kwenye Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, kuna tambarare zilizopewa majina ya sayari za humu, mojawapo Arrakis yenyewe.

Kwa asiyeijua: Paul Atreides, kijana wa miaka 15, anahamia na wazazi wake Arrakis, sayari ya jangwa tupu. Baba yake, Duke Leto, amekabidhiwa kusimamia melange, kiungo kisichopatikana kwingine kokote na ambacho kikikosekana safari za kati ya nyota zinakwama. Waliokuwa wakila hapo kabla yao, ukoo wa Harkonnen, wamewategea mtego. Paul na mama yake Jessica wanaponea chupuchupu, wanakimbilia kwa Wafremen, watu wa jangwani, na kutoka hapo ni vita.

Ukiisimulia hivyo haina ajabu. Mtoto wa mkubwa kaonewa, kajipanga, karudi kulipa kisasi. Hadithi za aina hiyo hazihesabiki. Wengi wakiulizwa kwa nini Dune haichuji hutaja Paul, au ile minyoo mikubwa ya mchangani inayomeza mitambo mizima. Minyoo sawa, sikatai. Lakini Paul mimi sijawahi kumpenda kiasi hicho, na kadiri ninavyokirudia kitabu ndivyo ninavyozidi kumwogopa. Kinachonirudisha ni maji.

Angalia anavyoanza. Familia imefika tu, mizigo bado iko kwenye masanduku. Jessica yuko dirishani na Yueh, daktari wa nyumba, wanatazama watu wanaopita nje na jinsi wanavyoitupia macho mitende iliyopandwa mbele ya jumba. Daktari anampigia hesabu: mtende mmoja unataka lita 40 za maji kwa siku, mtu mmoja anatosheka na lita 8. Kwa hiyo mtende ni watu watano. Ipo mitende 20. Hapo nje wamesimama watu 100. Basi, mazungumzo yanaendelea na mengine, ila wewe msomaji umeshapandikizwa kipimo kichwani na hutaweza tena kusoma neno “bustani” kwa amani.

Halafu Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anakuja kuonana na Duke. Anainama na kutema mate juu ya meza. Walinzi wanakakamaa. Duncan Idaho, askari wa Duke aliyewahi kukaa na watu wale, anawahi kumshukuru kwa zawadi ya unyevu wa mwili wake, kisha anamkumbusha Duke kwamba hapa maji ni kitu cha thamani kubwa na hiyo ilikuwa heshima. Tukio lenyewe halifiki hata ukurasa mzima. Mwandishi mwingine angetumia sura nzima kutueleza mila za wenyeji, na tungesahau yote.

Ninalolipenda kuliko yote ni la mlango wa chumba cha karamu. Desturi iliyoachwa na watawala waliotangulia ni kwamba kila mgeni anachovya mikono kwenye beseni, anamwaga vikombe kadhaa vya maji sakafuni, anajifuta kwa taulo, kisha taulo analitupa kwenye dimbwi lile lile. Karamu ikiisha, masikini waliojazana nje wanapata maji yaliyokamuliwa kwenye hizo taulo. Leto anaikomesha desturi hiyo papo hapo na kuagiza kila masikini atakayefika wakati wa chakula apewe kikombe cha maji. Hakuna panga wala risasi hapo, ni taulo lenye maji machafu tu, na umeshaujua utawala uliopita ulikuwa wa namna gani. Nimesoma vitabu vinene vya siasa ambavyo havikufika hapo.

Baadaye Paul analazimika kupigana na mtu aitwaye Jamis, anamuua, na kwenye mazishi machozi yanamtoka. Wafremen wanashikwa na butwaa: huyu anampa maiti maji! Wanamgusa mashavu kwa vidole kuhakikisha. Na maji ya mwili wa Jamis yanapimwa, lita 33 na ushee, yanakabidhiwa kwa hesabu kamili kama mali ya urithi. Mara ya kwanza nilisoma hapo kwa kuchukizwa kidogo. Sasa naona ni mazishi yenye heshima kuliko mengi ninayoyajua.

Mapenzi ya wasomaji yanakaa humo, kwa maoni yangu. Herbert hakukuambia jangwa ni baya. Alikupa bei ya kila tone hadi ukaanza kuhesabu mwenyewe. Wafremen huvaa vazi linalokusanya jasho na pumzi na kuyarudisha kuwa maji ya kunywa, na pampu zake zinaendeshwa na mijongeo ya mwili, hasa kupumua. Vazi likiwa zima, unachopoteza kwa siku hakizidi kinachojaa kastabini ya mshonaji. Hiyo habari unaipata wakati Kynes, mtaalamu wa ikolojia, anakagua mavazi ya wageni na kukaza mikanda, huku akishangaa kwamba Paul amevaa lake sawasawa bila kufundishwa. Maelezo ya kiufundi na hadithi vinakwenda pamoja.

Jambo hili halikuzuka hewani. Mwaka 1957 Herbert alikwenda pwani ya Oregon, Marekani, karibu na mji wa Florence, kutazama wataalamu wa serikali wakipanda nyasi kuzuia vilima vya mchanga visifukie barabara. Makala aliyokusudia hakuimaliza. Utafiti ukamkaa, ukakua, na kitabu kilipotoka alikitabaruku kwa wanaikolojia wa nchi kavu. Kabla ya hapo sehemu zake zilichapwa kwenye jarida la Analog kati ya 1963 na 1965, na wachapishaji zaidi ya 20 walikataa kuifanya kitabu. Aliyekubali mwishowe ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari! Mwaka 1966 kikapata tuzo ya Hugo, na Nebula ya kwanza kabisa ya riwaya, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi.

Kitu kingine kinachofanya kirudiwe: Herbert hafichi siri. Tangu sura ya pili unajua msaliti ni nani, kwa jina. Hakuna fumbo. Unabaki kumtazama mtu mwenye huzuni akitoka chumba hadi chumba kati ya watu wanaomwamini, na kila anapoulizwa “vipi, uko salama?” unataka kupiga kelele. Kitabu kinachotegemea mshtuko hukifungui tena ukishashtuka. Hiki kinakupa hofu ile ile kila ukikifungua.

Lawama zangu ninazo. Theluthi ya mwisho inakimbia. Miaka miwili inarukwa, mtoto wa kwanza wa Paul anauawa na habari inapita kwa mistari michache utadhani ni barua ya ofisi. Wahusika wanawaza kwa maandishi ya mlalo kila baada ya sentensi mbili, na mazungumzo yao mengine ni magumu kama mbao. Na Baroni Harkonnen: mwandishi ameufanya unene wake na tamaa zake za kimwili kuwa ushahidi wa uovu, wakati vitendo vyake vilitosha kabisa. Hilo limezeeka vibaya na sioni sababu ya kulitetea.

Kuhusu nakala: chukua ya karatasi ukiweza, yenye ramani, viambatisho na faharasa ya maneno nyuma. Kitabu cha sauti nimekisikiliza pia na kinapendeza, hasa kwenye karamu ambako kila mtu anasema hiki na kuwaza kile, ila huwezi kufunua nyuma kutafuta neno, na maneno mageni yanakuja kwa mfululizo tangu ukurasa wa kwanza. Ukishindwa kuyafuata yote, songa mbele tu. Baada ya kurasa mia moja hivi utajikuta unayatumia. Kiambatisho cha ikolojia usikiruke. Humo ndimo mpango wa kuotesha nyasi Arrakis unaelezwa hatua kwa hatua.

Filamu? Ya David Lynch ya mwaka 1984 inaishia kwa Paul kuleta mvua, na mpenzi yeyote wa kitabu anaumia hapo, kwa sababu maji ni sumu kwa ile minyoo na bila minyoo hakuna melange. Za Denis Villeneuve, 2021 na 2024, zimeelewa zaidi: mate yamo, mitende imo. Karamu na taulo zake hazimo, na mimi bado nanung’unika.

Ukimaliza na ukamwona Paul ni shujaa, endelea na Dune Messiah ya mwaka 1969. Mhariri wa Analog, John W. Campbell, aliikataa kwa sababu hakupenda shujaa wake aporomoke, lakini onyo lilikuwa limeshatolewa ndani ya kitabu cha kwanza: Kynes akiwa anakufa jangwani anamsikia baba yake akimwambia kwamba hakuna balaa kubwa kwa watu wao kama kuangukia mikononi mwa shujaa. Wengi tunapita hapo mbio mara ya kwanza, tukiwa na wasiwasi na Paul.

Natoa nyota nne kati ya tano. Asiyependa kuachwa gizani kwa sura kadhaa asinunue, aazime kwanza. Nakala yangu siazimi.