Wino "usiotoka" ulioota ndevu kwenye uso wa bibi kizee

Kampuni siitaji, sina hamu ya kuvutana na mtu. Nazungumzia kalamu moja ya brashi, ya wino mweusi, iliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba wino wake ni wa kudumu na hautoki. Hautoki! Kila nikiyasoma maneno hayo nacheka kicheko cha hasira. Na bado iko hapa mezani, kwa sababu ambazo zenyewe zinaniudhi.

Mimi nachora hadithi za katuni kwa mkono. Penseli, wino, raba, kisha rangi. Rangi napaka kwa makapeni za spiriti, yaani kalamu za rangi zenye wino wa spiriti, zile zinazokauka upesi na kuingiliana vizuri ukiwahi zikiwa bado mbichi. Ukurasa ulioharibika ulikuwa ule ambao msomaji anamwona bibi kizee kwa karibu kwa mara ya kwanza: fremu moja kubwa, uso mtupu, hakuna kiputo cha maneno hata kimoja. Hadithi yote ilikuwa kwenye mikunjo. Mistari ya nyuzinyuzi chini ya macho, miwili inayoshuka toka puani hadi pembe za mdomo, na ule wa katikati ya paji la uso ambao niliuhangaikia kuliko yote. Wino niliuacha usiku kucha. Asubuhi nikapitisha raba, haukutikisika. Nikadondosha tone la maji pembeni, halikufanya kitu. Nikachukua makapeni ya rangi ya ngozi, ile nyepesi kuliko zote, nikaanzia shavuni.

Mstari ukahama. Kwanza kilitokea kivuli cha kijivu upande wa kulia wa mkunjo, chembamba, nikadhani ni macho yangu. Nikarudia mkono wa pili ili kulainisha rangi, kivuli kikaburutwa hadi karibu na sikio. Bibi akawa na ndevu. Nikaleta makapeni ile isiyo na rangi, ya kuchanganyia, nikitumaini itaufuta ule weusi. Ikausukuma hadi shingoni. Kuanzia hapo kila nilichofanya kilizidisha balaa, na mkono haukutaka kuacha.

Ila kilichonichoma zaidi kilikuwa ncha ya makapeni yangu. Ilifyonza ule weusi. Nilipoijaribu kwenye karatasi nyingine, rangi ya ngozi ilitoka na utepe mchafu katikati, na ilibidi niisugue kwenye makaratasi ya kutupa mpaka ikakubali kutoa rangi yake. Yaani kalamu hii haikutosheka na ukurasa, ikaenda kuchafua na kifaa cha kampuni nyingine kisicho na kosa lolote.

Kabla hujaniambia kuhusu karatasi au muda wa kukauka: nilichora mistari sambamba kwa kila kalamu nyeusi niliyonayo, nikaiacha ikauke vilevile, nikapita juu yake kwa makapeni ileile. Kalamu yangu nyembamba ya ncha ngumu, ya kawaida kabisa, haikusogea hata kidogo. Hii yenye maneno makubwa ubavuni ikatapakaa tena. Najua punje za wino hushikiliwa kwenye karatasi na kitu mithili ya gundi, na kwamba gundi inaweza kustahimili maji ikasalimu amri mbele ya spiriti. Sawa. Basi andikeni "haiyeyuki majini", muishie hapo. Neno "kudumu" limewafuata nini?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, na picha nikaambatisha. Jibu la kwanza: "Ndugu mteja, bidhaa yetu inastahimili maji kama ilivyoelezwa. Spiriti si maji." Asante sana kwa somo la kemia. Nikajibu kwa adabu (nilijikaza kwelikweli) kwamba watu wanaopaka rangi katuni kwa makapeni za spiriti ni wengi, na onyo la mstari mmoja lingetosha. Likaja la pili: "Wataalamu hawapaki rangi juu ya wino. Hii ilikuwa kazi ya kampuni au unachora tu?"

Unachora tu. Nimelala na maneno hayo. Nimeamka nayo.

Hiyo habari ya wataalamu sasa. Kinachoniudhi ni kwamba ina nusu ya ukweli. Katika katuni za Marekani za zamani, mtu wa kupaka rangi hakuugusa ukurasa wenye wino. Alipaka nakala, akaandika alama pembeni za kumwelekeza fundi wa kutengeneza bamba za uchapaji: njano, nyekundu na buluu, kila moja kwa asilimia 25, 50 au 100, na ukihesabu na pasipo rangi unapata michanganyiko 64 tu. Ufaransa na Ubelgiji walichapa mistari kwa buluu hafifu kwenye karatasi ya kupakia rangi, na weusi wenyewe ukakaa kwenye karatasi angavu ya plastiki iliyolazwa juu. Weusi na rangi havikukutana mpaka kwenye mashine ya kuchapa. Lakini hizo zilikuwa taratibu za uchapaji! Haziipi kampuni ruhusa ya kubandika uongo kwenye kalamu. Na tatizo lenyewe si geni. Wajapani walipotoa makapeni za Copic mwaka 1987, walihakikisha wino wake hauyeyushi unga wa mashine ya fotokopi, maana walijua watu watapaka juu ya mistari myeusi. Mwaka 1987! Leo mtu ananiambia spiriti si maji.

Sasa niseme lile nisilotaka kulisema. Kalamu hii inachora mstari mzuri kuliko kalamu yoyote ya brashi niliyowahi kushika. Ukiigusisha tu unapata unywele. Ukikandamiza, mstari unanenepa bila kukwaruza, ukiinua unachongoka hadi kuisha. Ukijaza eneo zima, kama usiku nyuma ya nyumba au koti la mtu aliyesimama kizani, weusi unalala sawasawa pasipo madoa ya kijivu. Ukipitisha kwenye skana kwa dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kingo zinatoka safi, huna haja ya kuzikarabati kwenye kompyuta.

Kwa hiyo bibi kizee nilimchora upya. Kwa kalamu hiihii, ndiyo, usinicheke. Safari hii nilitoa fotokopi kwenye karatasi nzito ambayo mashine inaikubali (ile nyembamba ya ofisini makapeni hupenya hadi upande wa pili), nikapaka rangi kwenye nakala, ukurasa wa wino ukabaki mzima kabatini. Mistari haikusogea. Ule mkunjo wa paji la uso umetoka vizuri kuliko wa kwanza, na kivuli chini ya pua nilikiweka kwa mkono mmoja tu.

Basi kama unachora katuni za nyeusi na nyeupe, au unapaka rangi kwenye kompyuta huku mistari ikiwa kwenye tabaka lake la juu, inunue. Nasema kwa moyo mweupe, hutajuta. Kama unapaka rangi za maji pia, nadhani uko salama, kwa jinsi lile tone lilivyoshindwa. Wa makapeni, kaa nayo mbali, au paka rangi kwanza ndipo utie wino, na hapo uwe na uhakika wa kila mstari kabla ya kuuweka.

Nilitaka kuishia hapo na nyota nne. Nimefungua tena ule ujumbe ili ninukuu sawasawa, na naona chini ya "unachora tu" waliweka kikatuni cha uso unaotabasamu. Sikukiona siku ile. Ukurasa wangu umeharibika, nao wananiwekea uso unaotabasamu, tena umechorwa vibaya, jicho moja kubwa kuliko lingine.

Nyota mbili. Zote mbili ni za ile ncha, na huduma kwa wateja wasidhani wana hata robo ya nyota humo.