Mabapa ya plastiki ya kujengea modeli: nimejengea Lotus 25 nzima, haya ndo maoni yangu

Wadau, hii rivyu ni ya kitu ambacho ukikiona hata hukitamani. Bapa la plastiki nyeupe, halina picha, halina karatasi ya maelekezo, ukilitoa kwenye pakiti unaweza kudhani ni kipande cha kifuniko cha ndoo. Nimekaa nalo miezi tisa nikijenga kigari cha langalanga toka mwanzo bila boksi la modeli, kwa hiyo nadhani nina haki ya kulisema vizuri na kulisema vibaya.

Kwanza niwaambie kwanini Lotus 25, maana hapo ndo penye maana yote ya hii plastiki. Magari ya mashindano ya kabla yake mengi yalikua mifupa ya mabomba yaliyochomelewa, af mwili unavalishwa juu kama nguo. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, akaja 1962 na gari lisilo na mifupa hiyo, amekunja mabati ya alumini akapata masanduku mawili marefu ya pembeni, akayaunga kwa sakafu na kuta za kukingama, akapiga ribiti, mafuta yakawekwa kwenye mifuko ya mpira humohumo ndani ya masanduku, na dereva kalala chali katikati kama yuko kwenye mtumbwi. Lilionekana mara ya kwanza Zandvoort kule Uholanzi, na mwaka uliofuata dereva Jim Clark akashinda nalo mbio 7 kati ya 10 akachukua ubingwa wa dunia. Injini yenyewe Coventry Climax V8 ya lita 1.5 tu. Sasa mi nikawaza, kama gari la kweli ni mabati bapa yaliyokatwa na kukunjwa, si na mimi nikate nikunje? Kumbe nilikua sahihi kwa nusu tu, nitafika huko.

Plastiki yenyewe ni polistaireni, ileile ya modeli za kawaida za boksi, ndo maana gundi zake ni zilezile. Nimetumia za Evergreen za Marekani, zinakuja vipande vya kama sentimita 15 kwa 30, na za Tamiya ambazo ni kubwa zaidi, saizi ya B4, hizi zilinifaa kwa vipande virefu. Unene ndo kitu cha kuangalia, tena kuliko jina la kampuni. Mi nilimaliza sana milimita 0.5 kwa ngozi za pembeni, milimita 1 kwa sakafu na zile kuta za kukingama, 0.25 kwa sehemu zenye mviringo, na ile nyembamba kabisa ya 0.13 kwa ribiti. Mtu akiniuliza anunue nini kwanza namwambia 0.5 na 1, hizo nyingine utajua mwenyewe ukizihitaji.

Kukata ni raha aisee, sijui kwanini watu wanaogopa. Hukati mpaka chini. Unaweka rula ya chuma, unapitisha wembe mara mbili tatu bila kukandamiza, af unakunja kuelekea upande ambao hujakata, tak, limevunjika kwenye mstari kama biskuti. Kuna kitu kimoja tu hawakwambii, ule wembe unainua ukingo pande zote mbili za mstari kama mdomo mdogo, huuoni ila kidole kinausikia, na usipoukwangua kwa mgongo wa wembe basi vipande havikai bapa kwa bapa na kiungo chako kitakua na mwanya mpaka siku ya rangi ndo unauona. Nilipoteza sakafu ya kwanza kwa huo mdomo.

Na sakafu ya pili nikaipoteza kwa ujinga, hii siwezi kuilaumu plastiki. Nilikua na michoro ya gari kwenye kompyuta, nikaprinti upande wa kushoto leo, wa kulia siku nyingine, nikabandika karatasi juu ya bapa nikakata. Kumbe siku ya pili printa ilikua imewekwa ipunguze mchoro uenee kwenye karatasi. Nimekuja kusimamisha masanduku mawili, la kulia fupi kwa milimita 5! Nimezunguka nalo nusu saa nikidhani nimelipinda kwenye gundi. Tangu hapo kila karatasi inayotoka naipima kwanza kwa kalipa, urefu na upana vyote, sio urefu tu. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye gari la kweli ni milimita 2311, ukigawa kwa 12 (kigari changu ni kidogo mara 12 kuliko lile la kweli) unapata 192.6, hiyo namba nimeiandika kwa maka ukutani mbele ya meza.

Gundi sasa. Ninayoipenda ni Tamiya Extra Thin, ile chupa ya kifuniko cha kijani yenye brashi ndani. Ni nyepesi kama maji, na usiifikirie kama gundi ya kupaka ukabandika, hii unakutanisha vipande vikavu kwanza, unagusa brashi kwenye kiungo, inakimbia yenyewe mpaka ndani, inayeyusha plastiki pande zote mbili zinakua kitu kimoja. Sanduku la Lotus nililokunja hivo ukilishika halinepi, yaani mabapa ya nusu milimita ambayo ukiyashika moja moja yanatikisika kama karatasi, ukiyafanya sanduku lenye kuta tano ndani yanakua gumu mpaka unashangaa, na hapo ndo nilielewa kwa mikono yangu Chapman alikua anatafuta nini. Fungua madirisha lakini, harufu yake sio ya kuchezea, na kidole chako kikiwa kwenye kiungo wakati gundi inakimbia, alama yake inabaki hapo milele.

Jambo lililonikera zaidi ya yote ni hili. Nilitaka sakafu nene ya milimita 2, nikasema si niunganishe mabapa mawili ya 1, nikamwaga gundi katikati nikabana kwa vitabu. Kesho yake safi kabisa. Wiki ya tatu limepinda kama upinde. Ile gundi iliyofungiwa katikati haina pa kutokea, inaendelea kulainisha plastiki ndani kwa ndani wiki nzima nzima na kulivuta. Dawa yake nimeipata baadae, toboa matundu madogo mengi kwenye bapa moja kabla ya kuunganisha, tumia gundi kidogo, acha siku kadhaa ndo uguse. Na sanduku lililofungwa pande zote nalo liachie tundu la kupumulia, sehemu isiyoonekana.

Halafu kuna pakiti moja nilinunua kwa tamaa, haina jina la maana, imeandikwa tu plastiki ya modeli. Rangi yake ilikua ya maziwa yaliyochacha, ngumu kukata, na gundi yangu haiingii, unabandika jioni asubuhi inabanduka kwa kucha. Nadhani ilikua ABS, aina nyingine ya plastiki, sio polistaireni, na ABS inataka gundi yake. Hapo niliula wa chuya. Sikuhizi bapa lolote nisilolijua nalikata kipande kidogo naligusa kwa brashi kwanza, kama juu hapawi laini na kunata ndani ya sekunde chache nalirudisha.

Kukunja. Mviringo wa upande mmoja, kama bomba au mgongo wa sanduku, hii plastiki inakubali bila ugomvi. Unachukua bapa la 0.25 unalizungushia bomba lenye kipenyo kidogo kuliko unachotaka, unafunga kwa tepu, unamwagia maji yaliyochemka, af ya baridi, ukifungua limebaki na umbo. Lina mwelekeo pia kama ubao, upande mmoja linakunjika kirahisi na upande mwingine linakataa, jaribu kwa vidole kabla hujakata, mi nilikua nakata bila kuangalia nikawa nashangaa mbona kipande hiki kinanigomea.

Ila mviringo wa pande zote, kama pua ya gari, hapo plastiki bapa inakwambia wazi haiwezi. Nilijaribu vipande vyembamba vya kuunga kama mbao za mtumbwi, ikatoka pua ya ajabu ajabu, pembe kila mahali. Nikakaa nikaangalia tena picha za gari la kweli na ndo nikacheka, pua ya Lotus 25 haikua bati! Pua na kifuniko cha juu kuzunguka dereva vilikua faibaglasi. Yaani mahali palepale niliposhindwa mimi na bapa langu, na wao waliliacha bati. Nikaacha kulazimisha. Nikachonga umbo la pua kwa mti laini, nikatoboa ubao tundu la umbo hilohilo ila kubwa kidogo, nikapigilia bapa juu ya tundu, nikalipasha moto mpaka likalegea katikati, nikasukuma ule mti. La kwanza nilitumia 0.25 likachanika nchani kwasababu linavutika na kuwa jembamba sana. La pili 0.5 likatoa mikunjo pembeni. La nne, la milimita 1, likatoka zuri mpaka nikaita watu waje kuona na hakuna aliyeelewa nafurahia nini.

Ribiti zilinichukua muda kuliko injini. Nilichukua kile kigurudumu cha meno cha mafundi cherehani cha kuchorea vitambaa, nikakisugua meno kwa msasa yawe butu, nikapitisha kwa rula nyuma ya bapa la 0.13, upande wa mbele zinatokea nundu ndogo zimejipanga. Vizuri sana. Shida ni kuligundisha, bapa jembamba hivo ukilipa gundi nyingi linayeyuka na ribiti zako zote zinapotea, kwa hiyo napaka kidogo sana kwenye kingo tu, katikati naacha.

Visivyofaa kwa hii plastiki nitavitaja haraka. Mikono ya saspensheni, usijaribu, fimbo za plastiki nyembamba zinanepa na baada ya muda gari linachuchumaa, weka waya au bomba nyembamba ya shaba na superglu. Mabomba ya ekzosi ya V8 yenye kujipinda vile nilitumia waya wa lehemu, unapinda kwa mkono tu. Rimu nilikata visahani nikavigundisha pamoja nikazungusha kwenye drili nikavichonga kwa msasa, kazi ya kelele ila inawezekana. Matairi niliyatoa kwenye boksi la modeli nyingine, sioni aibu. Kioo kile kidogo cha mbele ni plastiki angavu, hiyo ni bapa jingine kabisa na gundi hii inaweza kulifanya lipate ukungu, tumia gundi nyeupe ya karatasi.

Rangi inakaa vizuri, ila weka praima, ile rangi ya kutangulia chini, na puliza nyepesi nyepesi, rangi kali ikimwagika nyingi kwenye bapa jembamba inalitafuna na utaona uso umekua kama ngozi ya kobe. Ya kwangu ni kijani na mstari wa njano katikati, na ile praima ya kijivu ndo ilinionyesha kila mwanya niliokua nadhani nimeuziba.

Nikiipa alama ni 8 kati ya 10, hizo mbili nimekata kwa ajili ya ile sakafu iliyopinda maana mpaka leo roho inauma. Kama hujawahi kujenga bila boksi, anza na gari la masanduku masanduku la miaka ya 60 au 70, usianze na haya ya siku hizi ambayo hayana hata sentimita moja iliyonyooka.

Kingine, vipande vinavyobaki usitupe. Mi navikata vidogo vidogo naviweka kwenye chupa ya gundi iliyobaki robo, navitikisa, kesho yake ni uji mzito mweupe na hiyo ndo puti yangu ya kuzibia mianya, inashikana na gari kwasababu ni plastiki ileile. Inasinyaa ikikauka kwa hiyo jaza kupita kiasi, na iache siku tatu nne kabla ya msasa, mi niliigusa siku ya pili ikanitokea shimo kwenye pua, ile pua ya nne.