Kikapu cha mboga cha kila wiki: nimekipika mwezi mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni. Hiki hapa mezani ni kikapu cha nne, cha mwisho kwa mwezi huu wa tano, na nakifungua mbele yenu. Mmeniuliza sana kama kinalipa. Shamba linalouza vikapu hivi kwa wanaojiunga liko Kigamboni, bodaboda anavuka darajani kila Jumamosi asubuhi na kuniletea hapa Tabata. Nalipa mwenyewe shilingi 20,000 kwa wiki, sijapewa cha bure, na jina lao silitaji kwa sababu nina lalamiko.

Haya, tutoe. Mchicha mafungu matatu. Matembele. Majani ya maboga. Kisamvu, majani mazima. Bamia, nyanya chungu, na boga moja. Karoti hamna, kabichi hamna, na hapo ndipo wengi wanapovunjika moyo wakishajiunga. Jamani, masika pwani ni msimu wa majani. Karoti na kabichi nyingi tunazokula Dar zinashuka kutoka kwenye baridi, huko Lushoto na kwingineko. Shamba la Kigamboni likikuletea karoti safi mwezi huu, uliza wamezinunua wapi.

Sogeza kamera mwanangu, waone majani ya maboga. Nakivunja kikonyo hapa mwishoni, navuta kuelekea kwenye jani. Mnaona? Uzi umetoka wote pamoja na ile ngozi yenye vinyweleo. Majani yakilala siku mbili uzi unakatikia katikati, halafu unakutana nao mdomoni wakati wa kula. Haya hayajalala. Hapo nawapongeza kwa moyo mmoja.

Kisamvu pia nafurahi kikija hivi, hakijatwangwa. Kile cha kusagwa tayari huwezi kujua kama ndani hakuna majani makuukuu. Nachagua machanga ya juu, natwanga kwenye kinu na kitunguu saumu, nachemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, saa nzima au zaidi. Msikatishe hapo. Jani la muhogo lina sumu yake ya asili, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Kisha tui jepesi, nyanya chungu ziivie humo humo, na tui zito mwishoni huku unakoroga lisikatike. Jumapili iliyopita mama mkwe alikula sahani mbili na wali, hakuuliza samaki.

Sasa lalamiko. Wiki ya pili mvua ilipiga usiku kucha, kikapu kikafika saa kumi jioni, kimefunikwa turubai juu ya pikipiki tangu asubuhi. Mchicha ulikuwa umeungua kwa joto, majani yanateleza mkononi, harufu imeshabadilika. Niliutupa wote. Mvua siwalaumu. Nawalaumu kwa kutonipigia simu, na kwa kutonirudishia hata fungu moja wiki iliyofuata.

Kwa upande wa bei niwe mkweli: ukienda Buguruni au Mabibo alfajiri, ukajua kuchagua, utapata mboga hizi kwa pesa pungufu. Unacholipia hapa ni kuchumwa karibuni na kuletewa mlangoni. Kwa nyumba yetu ya watu sita kinatosha na kinaisha. Kama unaishi peke yako, gawana na jirani, la sivyo Jumatano utakuwa unatupa.

Na utaratibu ni muhimu kuliko mapishi. Usioshe majani ndipo uyahifadhi. Yafunge kwenye kitambaa kikavu. Matembele na mchicha ndiyo ya leo na kesho. Kisamvu nakitwanga leo leo, nakichemsha, kingine nakigandisha. Bamia na nyanya chungu zinasubiri katikati ya wiki. Boga liacheni kwenye kona, halina haraka.

Mwezi wa sita naendelea nao, ila nimewaambia wazi: mvua ikizuia, nipigieni. Basi ngoja niwashe jiko, haya matembele hayafiki saa nane.