Kuagiza vyakula kwa simu hapa Mtwara: hela inapotelea wapi

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kuletewa vyakula nyumbani hapa Mtwara mjini kunafaa kwa mchele, unga, sukari, mafuta, sabuni na gesi. Kwa nyanya na mboga za majani ni bahati nasibu. Kwa samaki inategemea mwezi ulioko angani, na sitanii, nitafika huko.

Natumia njia tatu. Kuna maduka ya hapa hapa mjini yanayopokea oda kwa WhatsApp na kutuma boda. Kuna watu wa sokoni wanaokuzungukia Soko Kuu na soko la samaki la Feri, kisha wanaweka ujira wao juu ya bei. Na kuna maduka ya mtandaoni ya Dar es Salaam yanayopakia mzigo kwenye basi, ukaufuate stendi ya Mkanaledi. Kila njia ina ubovu wake, lakini mtego mkubwa ni mmoja kwa zote, nao si utapeli. Ni kipimo.

Muuzaji akikuandikia "nyanya za 3,000" hajakuambia kitu. Fungu ni biashara ya macho: mezani unachagua wewe, kwa simu anachagua yeye, na zile zilizolainika lazima ziende kwa mtu. Sado nayo inadanganya, maana iliyojaa mpaka imeota kichuguu na ile iliyofutwa juu zinaitwa jina moja. Ndoo vilevile, ndogo na kubwa zote ni ndoo. Dawa yake ni kuagiza kila kitu kwa kilo, lita au idadi, na kuandika hali unayoitaka. Ujumbe wangu wa kawaida unakwenda hivi:

"Habari kaka. Mchele kilo 10, usiochanganywa, nitumie kwanza picha yake ukiwa mkononi. Nyanya kilo 2, nusu zimeiva, nusu bado ngumu. Vitunguu maji kilo 1, vikavu shingoni. Mayai trei 1. Mafuta ya alizeti dumu la lita 5, lenye lakiri. Kitu kisipokuwepo usiweke kingine, nipigie. Niambie jumla pamoja na nauli, ndipo nilipe."

Kila neno hapo lina kazi. Kitunguu kikiwa na shingo mbichi huanza kuoza kutoka juu, na kwa joto na unyevu wa pwani hii hakimalizi wiki. Nyanya zilizoiva zote zikipanda boda pamoja na mchele zinafika rojo. Na usipokataza kubadilishiwa, ukiagiza unga wa kampuni fulani utaletewa wa nyingine kwa bei ileile, au dona badala ya sembe. Dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, ndiyo maana huchacha mapema kuliko sembe. Ukiikubali, soma tarehe kabla ya kufungua.

Kuhusu mafuta, watu wengi hawajui kwamba lita si kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la lita 5 lililojaa lina kilo 4.6 za mafuta, bila kuhesabu dumu lenyewe. Mzani ukisoma kilo 4 na chombo juu yake, umepunjwa. Mafuta ya kupima yanayomiminwa kwenye dumu lililotumika siagizi kabisa kwa simu. Hakuna njia ya kujua yamechanganywa na nini.

Hapo utaona kwamba nyumbani unahitaji mzani. Ule mdogo wa kidijitali wenye ndoano, wa kubeba mpaka kilo 50, unatosha. Kuuhakiki ni rahisi: tundika chupa ya maji ya lita 1.5 isiyofunguliwa. Inapaswa kusoma kilo 1.5 na gramu chache za chupa. Ukiwa na uhakika na mzani wako, maneno ya "labda wa kwako mbovu" yanaisha. Muuzaji naye anatakiwa kuwa na mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, na duka linaloona uzito kutuma picha ya stika hiyo nimelitoa kwenye orodha.

Kuku ni mtego wa pembeni. Kuku wa kisasa aliyetangazwa kuwa na kilo 1.5 mara nyingi ni kilo akiwa hai. Akishachinjwa, kunyonyolewa na kutolewa utumbo hubaki kama asilimia 70 hadi 75, yaani kilo 1.1 hivi. Hakuna wizi hapo, ila kama bei umeilinganisha na ya kuku aliyesafishwa wa duka jirani, umelinganisha embe na korosho. Uliza: "Kilo hiyo ni hai au ameshachinjwa?" Wa kugandishwa, angalia pembe za mfuko. Barafu nyekundu iliyojikusanya upande mmoja inaonyesha aliyeyuka akagandishwa tena, na kwa umeme unavyokatika mtu asishangae. Huyo arudi na boda yuleyule.

Sasa samaki. Maduka ya mtandaoni huweka picha ya pweza na dagaa mwaka mzima kana kwamba bahari ina stoo. Pweza wa hapa hupatikana hasa wakati wa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mpaka mwamba unakaa wazi na watu wanatembea juu yake. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haikupwi vya kutosha, na pweza "freshi" unayeahidiwa siku hizo kwa kawaida ametoka kwenye friza. Dagaa wana hesabu nyingine: huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu penye mbalamwezi, kwa hiyo dagaa wabichi ni wa siku za giza. Angalia mwezi kabla ya kuagiza. Hilo halihitaji bando. Msimu wa upepo wa kusi nao, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, kuna siku vyombo vidogo havitoki, na bei ya jana haina maana.

Pweza akichemshwa hupungua sana, karibu nusu ya uzito. Kamba wa kugandishwa nao wamevishwa barafu, na barafu hiyo inauzwa kwa bei ya kamba. Wape muda wayeyuke kwenye chujio, chuja maji, kisha pima. Fanya hivyo mara moja tu kwa kila muuzaji, utajua tabia yake.

Mwambie anayekununulia atume video fupi, si picha, inayoonyesha vitu vitatu: jicho lililotuna na kung'aa, mashavu yaliyofunuliwa yakiwa mekundu ndani, na kidole kikibonyeza nyama ikarudi. Picha ya samaki aliyemwagiwa maji inamfanya hata wa juzi apendeze. Kuwa mkali zaidi kwa jodari, nguru na vibua. Hawa wakikaa juani bila barafu hujenga sumu iitwayo histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtu anakula samaki aliyeiva vizuri na bado anawashwa, anakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Kwa hiyo samaki wasafiri na barafu, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na wasipitie dukani kwingine. Safari ya boda wa oda nne nne ndiyo inayoua samaki: anatoka Feri saa 3 asubuhi, anapita Ligula, anapita Chuno, kwako anafika saa 6 mchana.

Saa zenyewe ni tatizo. Programu za Dar zinaandika 10:00 zikimaanisha saa 4 asubuhi. Mtu wa boda akisoma "10" anasikia saa 10, naye anakuja jioni. Andika kwa maneno: "saa nne asubuhi". Ni jambo dogo, na limeharibu maziwa mengi kuliko foleni.

Anwani za makazi tulizowekewa mwaka 2022 zipo ukutani, lakini boda wengi hawazifuati. Tuma alama iliyopo jirani, rangi ya geti, na eneo lako la ramani kwa pamoja. Ukituma ramani peke yake, hakikisha alama haijatua barabara ya nyuma.

Malipo. Nauli ya 2,000 kwenye oda ya 10,000 ni asilimia 20 ya bei. Kwenye oda ya 50,000 ni asilimia 4. Kwa walioko Mikindani au Naliendele, umbali wa kilomita kama 10 kutoka mjini, oda ndogo haina hesabu kabisa. Unganeni majirani wawili watatu, kila mmoja na mfuko wake ulioandikwa jina. Nauli iulizwe kabla, maana wapo wanaoiacha kimya mpaka boda amefika getini. Na usisahau "weka na ya kutolea". Bei iliyotangazwa ikiwa 20,000 na muuzaji anataka utume na ya kutolea, hiyo ni gharama yake amekuhamishia. Mwenye Lipa Namba hahitaji hilo, na jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri linapaswa kuwa la duka. Likija jina la mtu usiyemjua, ghairi, piga simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaujua. Sasa unakuja ukiwa umevaa nembo ya duka, mara nyingi baada tu ya wewe kutoa oda kwenye kundi ambako kila mtu anaiona. Oda iende kwa ujumbe binafsi. Namba ya tapeli itume 15040.

Mimi nalipa vitu vikavu kabla, vibichi baada ya kuviona. Duka lisilokubali hivyo kwa samaki na nyanya simlaumu mwenyewe, ana boda wa kulipa, lakini halipati hela yangu.

Maduka ya Dar ni habari nyingine. Yana uchaguzi mpana na bei ya mtandaoni ni nzuri, ila kuna zaidi ya kilomita 500 katikati, na bei hiyo haijaweka ada ya basi, ya kufungasha, wala boda wako wa kutoka Mkanaledi. Masika yanaongeza hatari. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, mizigo ilikwama, na kilichokuwa kibichi ndani yake hakikuwa na mtetezi. Kutoka Dar naagiza viungo, maziwa ya unga, tambi, vitu vya kopo. Viazi mviringo, karoti na kabichi vinaletwa kutoka nyanda za juu na wafanyabiashara wa sokoni. Kuviagiza Dar ni kuvizungusha nchi bure.

Ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha), kisamvu na vyakula vingine vya kwetu sijaona duka la simu linaloviuza vizuri. Nenda mwenyewe, au mtume mtoto.

Mayai ni suala la upakiaji. Trei ifunikwe na trei tupu juu, ifungwe kamba njia mbili, na ikae juu ya mzigo, si kuning'inia kwenye usukani. Yakifika, chukua matano kutoka pembe tofauti uyatie kwenye maji. Linalolala ni jipya. Linalosimama ni la siku nyingi, kwa sababu unyevu umetoka na hewa imejaa ndani. Linalika kwa kuchemshwa. Linaloelea usilivunje ndani ya nyumba.

Korosho nitazigusa kidogo, maana wageni huziagiza sana. Daraja W320 maana yake ni punje nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja (gramu 454 hivi), kwa hiyo robo kilo inapaswa kuwa na punje 165 hadi 176. Ukihesabu 200 na zaidi umeuziwa daraja dogo kwa bei ya kubwa. Kuhesabu kunachosha, lakini bei ya korosho inakulipa kwa kazi hiyo.

Chochote utakachopokea, fungua mbele ya boda ukiwa unarekodi kwa simu, lebo na mzani vikionekana. Akiondoka, muuzaji ana haki ya kusema hajui kilichotokea. Upungufu ukijirudia, video hizo ndizo za kupeleka ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa.

Na gesi, ambayo ndiyo bidhaa inayoenda vizuri zaidi kwa njia hii, ina hatua moja watu huiruka. Kwenye mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha na kilo za gesi. Mtungi wa kilo 15 ulioandikwa 14.2 unapaswa kusoma karibu 29.2 kwenye ndoano. Kagua lakiri ya valvu, pima, paka povu la sabuni kwenye kiungo cha regyuleta uone kama linatoa mapovu, na usimkabidhi boda mtungi wako mtupu kabla hujamaliza yote hayo.