Kusomea altrasaundi Marekani: kabla hujalipa ada, uliza utashika mashine lini

Tangu nipate cheti, ndugu na jamaa hapa Texas hawaishi kuniuliza kama kozi ya altrasaundi inafaa. Wengi wanafanya kazi niliyokuwa nayo mimi, ya kuhudumia wazee, na wamesikia kwamba mpimaji wa altrasaundi analipwa vizuri. Ni kweli, takwimu za serikali za 2023 ziliweka mshahara wa kati juu ya dola 80,000 kwa mwaka. Mshahara tuuache hapo. Nieleze mafunzo yenyewe.

Nilisoma katika chuo cha jamii, programu ya miaka miwili yenye ithibati ya CAAHEP, chombo kinachokagua ubora wa programu za mafunzo ya afya. Ithibati hiyo si pambo. Ukihitimu mahali pasipo nayo, njia ya kufikia mitihani ya ARDMS, shirika linalowapa wapimaji vyeti, hurefuka: unaweza kutakiwa uonyeshe kwanza mwaka mzima wa kupima wagonjwa, na nani atakuajiri huna cheti? Kisheria ni majimbo machache tu yanayodai leseni, Oregon na New Mexico yakiwemo, ila hospitali nyingi zinataka kuona herufi RDMS, alama ya cheti hicho, baada ya jina lako. Chuo kikikwepa swali la ithibati, aga uondoke.

Kuingia nako kuna foleni. Unatanguliza anatomia, fiziolojia, aljebra na fizikia, halafu mnagombea viti vichache.

Fizikia ndiyo iliyotutoa jasho, na nasema bila kusita kwamba ndilo somo lililofundishwa vizuri kuliko yote. Mashine imepangiwa kuamini kwamba sauti hupita mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde. Inapokutana na kitu kinachopitisha sauti kwa mwendo tofauti, picha inadanganya, na kuutambua uongo huo ni kazi yako. Frikwensi ya juu hutoa picha safi lakini haizami. Ya chini huzama, picha ikapungua ukali. Mwalimu wetu hakuturuhusu kukariri. Alitupa picha mbovu akauliza tungegeuza kitufe gani. Nilipofika kwenye mtihani wa SPI, ule wa fizikia ya altrasaundi, ambao ufaulu wake ni alama 555 kwenye kipimo cha 300 hadi 700, niliona maswali mengi ni yaleyale yake yamevaa nguo nyingine.

Maabara tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Kifuko cha nyongo hunywea mtu akishakula, kwa hiyo siku ya somo hilo lazima awepo mwenye njaa. Ramadhani ilipoingia, mwenzetu mmoja Msomali akawa lulu ya darasa. Kila kundi lilimtaka yeye. Kongosho ndilo lililotusumbua zaidi, maana hujificha nyuma ya tumbo, na gesi kidogo tu inaliziba. Tulikuwa tunanyweshana maji ili tumbo lijae, tulione kupitia hapo.

Sasa lawama. Hospitali ya kwanza niliyopangiwa mafunzo kwa vitendo ilikuwa na wagonjwa wengi na wapimaji wachache, na mwanafunzi akageuka wa kupanga mashuka na kufuta jeli. Wafanyakazi siwalaumu, chuo ndicho kilichojua hali hiyo na bado kikapeleka watu. Hospitali ya pili mpimaji aliniachia probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, akakunja mikono, akangoja mpaka niitafute figo ya kushoto mwenyewe. Mkono wangu ulianzia pale. Na kazi yote hiyo hailipwi, kwa hiyo wikendi nilirudi kwenye kazi yangu ya kuhudumia wazee ili kodi ya nyumba itoke. Jingine: maumivu ya bega na kiwiko yanawaandama wapimaji wengi, lakini namna ya kukaa na kuinua kitanda tuliguswa nayo juujuu tu.

Jambo ambalo darasa haliwezi kukuandalia ni kunyamaza. Mama mmoja wa Kongo alinisikia lafudhi, akafurahi: "Mwanangu, unaona nini humo?" Nilikuwa nimeona. Lakini majibu hutolewa na daktari. Mpimaji hupiga picha, hupima na kuandika alichokiona. Nilimwambia, "Mama, daktari atakueleza yote, mimi napiga picha tu," naye akanitazama kama mtoto aliyemnyima maji.

Ningeisoma tena? Ndiyo, chuo kilekile, lakini ningeingia na maswali. Wanafunzi wanapelekwa hospitali zipi? Mwanafunzi anaanza kupima mgonjwa kwa mkono wake muhula gani? Wahitimu wa karibuni wamefaulu kwa kiasi gani? Hilo la mwisho lisikutie haya, vyuo vyenye ithibati vinatakiwa kutangaza matokeo yao.

Mimi nina cheti cha tumbo. Cha mishipa ya damu bado nakisomea, na Dopla, njia ya kupima mwendo wa damu, inanipa shida kuliko nilivyotarajia. Nikishaufanya mtihani nitaongeza hapa jinsi ulivyokuwa.