TAHADHARI: Beringi feki za "MAX" za fremu za baiskeli, mimi nimeshapigwa

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa bado na grisi mikononi, nitajitahidi nisitukane.

Wenye baiskeli za mlima zile zenye shokapu nyuma mnazijua beringi za kwenye maungio ya fremu. Zangu zilianza kulia tangu masika, ukishika tairi la nyuma ukalitikisa unasikia kabisa linacheza pembeni. Nikatafuta mtandaoni nikakutana na jamaa anasema yupo Kariakoo, picha kali, boksi zina stika, elfu 12 moja. Nikachukua nane, nikamrushia elfu 96 na hela ya basi, mzigo ukafika Arusha kesho yake. Kwa kutuma yuko vizuri, simsingizii.

Boksi zimeandikwa 6902 2RS MAX. Kwa asiyejua, 6902 ni tundu milimita 15, nje 28, unene 7, 2RS ni sili mbili, yaani vifuniko vya mpira pande zote mbili za beringi, na MAX maana yake ndani hakuna keji, kile kishikio kinachotenganisha gololi, badala yake gololi zimejazwa zikabanana mwanzo mwisho. Kwenye fremu tunazitaka hizo kwa sababu pale beringi haizunguki kama ya gurudumu, inacheza nyuzi chache tu inarudi, kwahiyo gololi zilezile zinagonga palepale kila ukishuka korongo, na zikiwa chache zinachimba vishimo kwenye ringi basi kwisha habari yake.

Sasa ujinga wangu uko hapa, sikufungua sili hata moja. Nilimaliza jumamosi nzima nang'oa za zamani maana mbili zilishaota kutu zikagoma, kufika jioni nimechoka nataka tu nimalize, nikaanza kuweka mpya, na nyingine ZIKAINGIA KWA KIDOLE GUMBA. Jamani beringi kwenye alumini inatakiwa ibane, unaivuta kwa bolti ndefu yenye washa, taratibu, ukisukuma ringi ya nje. Nikampigia jamaa, akanijibu kwa upole kabisa "kaka fremu yako imechoka hiyo, paka loktaiti". Loktaiti ni ile gundi ya kubana vyuma. Na mimi nikapaka!

Wiki tatu nyingi, kelele zikarudi. Nikaazima vernia, kile kipimo cha milimita, kwa fundi wa jirani. Mpya kwa nje milimita 27.9, ya zamani iliyotoka tundu hilohilo 28 kamili, na hiyo ya zamani nilihenya kuitoa. Fremu imechoka wapi hapo? Nikachukua moja ambayo sikuitumia, nikanyanyua sili kwa sindano, ndani kuna keji ya bati, gololi za kuhesabu, grisi kiduchu imepakwa upande mmoja. Beringi ya kawaida tena ya hovyo, imechongwa maandishi ya MAX juu.

Nilipomtumia picha ndo nikaelewa mchezo wake. Akasema "boss ikishaingia kwenye fremu hatupokei". Na kuitoa huwezi bila kuiua, kwa sababu puli, kile kifaa cha kung'olea beringi, inashika ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, ikitoka imeshakufa, halafu anakwambia umeiharibu mwenyewe wakati unafunga. Anajua hakuna mtu atakayerudisha kitu kizima. Baadae akaniblok, na juzi nimeona picha zilezile kwenye akaunti yenye jina jingine.

Kwahiyo mzigo ukifika usikimbilie spana. Fungua sili ya moja pale pale mbele ya karani wa basi ikibidi, ingiza sindano upande wa ndani taratibu, haiharibiki, unairudisha kwa kidole. Ukiona keji, siyo MAX, hata iandikwe kwa dhahabu. Pima nje kwa vernia, na zile za zamani usizitupe mpaka baiskeli imetembea, zangu ndo zilizoniokoa nisinunue fremu bure. Halafu bei peke yake isikudanganye, huyu wala hakuwa rahisi, angeuza elfu 3 ningeshtuka mapema.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini sikununua tu za kawaida dukani. Ndugu yangu, bora ningefanya hivyo, ningepata kitu kilekile na chenji ya mishkaki.

Mbili ninazo bado hazijafungwa kwenye fremu, moja ndo ile niliyoifungua sili. Aliye Arusha akataka kuona kwa macho yake anicheki inbox, na kama na wewe umetumiwa boksi za stika ya bluu usizifunge kwanza, tuma picha hapa tulinganishe.