Dell OptiPlex 7010 ya ex-UK: weka SSD kwanza, mengine baadaye

OptiPlex 7010 ni kompyuta ya mezani iliyotoka mwaka wa 2012, lakini bado iko tele kwenye saiba, ofisi ndogo na maduka ya ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) ya Luthuli Avenue, Nairobi. Yenye prosesa ya Core i5-3470, kori nne za 3.2 GHz, inatosha kabisa kwa Excel, iTax (mfumo wa kodi wa KRA) na masomo ya mtandaoni. Inayoifanya ionekane mzee ni diski yake ya kuzunguka.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwa SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5. Diski ya zamani husoma takribani MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD nzuri hupita 500, na kwa mafaili madogo ambayo Windows huyafungua kwa wingi ikiwaka, pengo ni kubwa zaidi. Ichomeke kwenye tundu la SATA-0, kwa sababu si matundu yote ya madabodi hii yana kasi ya 6 Gb/s. Kabla ya kuweka Windows, bonyeza F2 mashine ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ubadilishe hali ya SATA iwe AHCI. Ukibadilisha baada ya kuweka Windows, huenda mashine ikagoma kuwaka. Muuzaji akikusukumia NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, na adapta yake, kataa: BIOS ya 7010 haiwezi kuwaka kutoka NVMe bila kuchezewa, kwa hiyo itabaki ghala la mafaili tu.

RAM ni DDR3 ya desktop, mwisho GB 32. Nunua jozi, 4+4 au 8+8, na uzipange kwenye nafasi zenye vishikio vya rangi moja ili zifanye kazi sambamba. Hapa wengi huumia: kuna DDR3 za bei ya chini zilizotengenezewa madabodi za AMD pekee, na za seva aina ya Registered. Zote zinaingia kwenye nafasi vizuri, lakini mashine haiwaki.

Kadi ya picha inategemea kasha. Lile dogo, SFF, lina pawa saplai ya wati 240 na linataka kadi ya kimo kifupi (low profile). GT 1030 ya wati 30 inafaa, mradi kumbukumbu yake iwe ya GDDR5, kwani ile ya DDR4 ni dhaifu mno. Kasha kubwa, Tower, lina wati 275 na linabeba GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Kama shida yako ni TV ya HDMI tu, usinunue kadi: nyuma kuna DisplayPort mbili, adapta inatosha.

Kasoro isiyo na dawa ni Windows 11, ambayo haiikubali rasmi prosesa hii wala TPM (chipu ya usalama) yake ya 1.2, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inakwenda vizuri. Ukiwa na 7010 tayari, iongezee SSD na RAM bila wasiwasi. Kama ndio unanunua, na lazima uwe na Windows, tafuta OptiPlex 7060 yenye prosesa ya kizazi cha 8.

Kabla ya kutuma M-Pesa, mwambie fundi achomeke SSD hapo dukani na afungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski. Ikiwa inauzwa kama mpya na saa za matumizi ni mamia, mrudishie.